Kizibo Kimoja

Kabugho, mdogo wangu, lishike kopo kwa mikono miwili.
Gari la Mbarara halina huruma
na dereva wetu unamjua: hapiti shimo bila kulisalimu.

Ni huyu huyu wa dirishani,
mdogo kama ngumi ya mtoto aliyelala,
majani manene, yamechongoka, yana michirizi myeupe
kama ile chumvi inayoacha kwenye gauni langu jeusi.
Jina lake la kitabuni silijui.
Hapa Katwe tunamwita Mkaidi.

Sikiliza. Kopo nimelitoboa kwa msumari, matundu matatu.
Ukija kumhamisha, usitoboe mawili ukasema yatosha.
Mchanga utoke mlimani,
si huu wa ziwani; huu umeshiba chumvi,
na chumvi haibagui mwenyeji wala mgeni.
Tia vipande vya mkaa, vidogo, kama punje za mahindi.
Samadi? Ya kujaa ukucha.
Akishiba sana huoza kimyakimya, hata hanuki.

Maji ni kizibo kimoja cha soda,
Jumapili, ukitoka kanisani.
Wiki ya mvua, na huko kwenu mpya hunyesha,
usimpe hata hicho.

Haya nimejifunza kwa kuua.

Wa kwanza alitoka kwa Ithungu, mke wa mpimaji.
Nilikuwa nimepanda kutoka ziwani, miguu imechanika,
nikanawa kwenye beseni,
nikaona uchungu kuyatupa yale maji.
Jerikeni shilingi mia tano, nani anatupa?
Nikammwagia.
Siku ya nne akawa kahawia.
Siku ya sita ukimgusa, ganda tupu.

Wa pili nilimpa maji safi, asubuhi na jioni.
Ulikuwa mwezi ule Baluku amelazwa Kagando,
nami nilihitaji kitu cha kunywesha
ambacho hakitatapika.
Akanenepa. Akang'aa. Nikaita majirani waje waone.
Kisha nikamshika ili nimgeuze juani
akabaki mkononi mwangu, mizizi imekuwa uji.
(Baluku alirudi. Hiyo ni habari nyingine.)

Huyu unayemshika ni jani moja la yule wa pili.
Lilidondoka nyuma ya sanduku la nguo
nikalisahau miezi miwili.
Siku ya kufagia kwa ajili ya Pasaka nikalikuta
limetoa mzizi, mwekundu, mwembamba kama uzi wa cherehani,
limeshikamana na vumbi la ukutani.
Vumbi, Kabugho! Vumbi ambalo nilikuja kulitupa.
Nikauegemeza ufagio mlangoni.
Siku hiyo sikufagia tena.

Jua la asubuhi mpe. La saa nane mfiche.
Akiiva wekundu amekasirika tu, usilie.
Akikunja majani ndani kama vidole vya mtu mwenye baridi
ana kiu; mwache siku mbili zaidi.
Kiu si kifo. Mimi nakwambia, niliyesimama
mchana kutwa ndani ya maji yasiyonyweka.

Na wakikuuliza kama ni mgumu kweli,
waambie usiku wa viboko:
walipanda kutoka ziwa kubwa, wakala mchicha wa Ithungu,
wakala maua ya kanisa na sehemu ya ua wa kanisa,
mmoja akaleta pua dirishani kwangu.
Alimpulizia Mkaidi pumzi moja, nzito, ya matope.
Akafikiri.
Akaenda zake.

Usinipigie simu kila siku kwa sababu ya ugeni.
Cherehani itakutoa damu, mwenye chumba atakununia,
utazoea.
Piga Jumapili, baada ya kizibo.

Haya, utingo anagonga bati.
Kizibo chenyewe nimekifunga kwenye leso yako,
fundo la kushoto.
La kulia ni nauli.
Usije ukachanganya.